Kujifunza Ufundi Uvira: Mwongozo wa Kuingia Kazini kwenye Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Mafunzo ya ufundi humwandaa mtu kufanya kazi moja mahususi mpaka aweze kulipwa kwa kuifanya: kujenga, kuchomelea vyuma, kutengeneza mota za boti, kufunga umeme, kuweka mabomba, kushona, kukausha samaki. Katika mji wa Uvira, katika bonde la Ruzizi kupitia Kiliba na Sange hadi Luvungi, na kando ya ziwa kupitia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, hii ndiyo njia ya kuingia kazini iliyo karibu zaidi na kijana wa kawaida. Nafasi za ofisini ni chache na wanaozingojea ni wengi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichoajiri mafundi wa kila aina tangu miaka ya 1950, kilisimama wakati wa vita vya 1996, na tangu hapo bonde halijapata mwajiri mwingine wa kiasi hicho. Kijana mwenye Diploma ya Taifa na asiye na kazi ya mikono hubaki nyumbani kwa wazazi wake miaka mingi, na kosa si lake.

Hata hivyo, kumaliza mafunzo si kupata kazi. Mafunzo huzaa kazi pale mambo matatu yanapokutana: ufundi wenye wateja hapa hapa mwambaoni, mazoezi ya kutosha juu ya kazi ya kweli chini ya fundi anayeijua, na vifaa ambavyo ni mali ya mhitimu mwenyewe. Vituo vingi hushughulikia la pili kwa kiasi, hugusa la kwanza, na husahau la tatu kabisa. Mwanafunzi na mzazi wanaopanga yote matatu kabla ya kulipa minervali ya kwanza huepuka hasara kubwa.

Ufundi wenye wateja

Ushonaji ndio unaofundishwa zaidi, hasa kwa wasichana, kwa sababu ni rahisi kuuanzisha: chumba kimoja, mashine chache, mwalimu mmoja. Matokeo yake ni kwamba mitaa ya Kimanga, Kasenga na Kabindula ina washonaji wengi kuliko wateja wa kuwatosha wote. Hii haina maana kwamba ushonaji hauna faida. Kila mwaka kabla ya shule kufunguliwa Septemba, watoto huhitaji sare za bluu na nyeupe, na anayeweza kushona suruali na mashati mengi kwa vipimo sawa, kwa siku aliyoahidi, hupata kazi ya shule nzima. Suti ya kiume nayo ina washonaji wachache. Walio wachache zaidi ni watengenezaji wa mashine zenyewe, wanaojua kurekebisha mvutano wa uzi, kubadili mkanda na kupanga upya sindano na ndoana yake. Msichana anayeongeza ujuzi huo juu ya kushona huwageuza washonaji wenzake kuwa wateja wake.

Mota za boti zinastahili kutazamwa kwa undani, kwa kuwa maisha ya mwambao huu yanategemea maji. Boti za mbao zinazotoka bandari ya Kalundu kwenda Baraka, Kalemie na Kigoma, na mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na mikebuka, huendeshwa na mota za nje, nyingi zikiwa zile ambazo oili yake huchanganywa na petroli. Kiwango hutegemea kitabu cha mota. Kilichozoeleka ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na mota mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za mwanzo. Mwenye boti anayebana matumizi kwa kupunguza oili huishia kununua pistoni. Injini hupozwa kwa maji ya ziwa, yanayovutwa na pampu ndogo yenye gurudumu la mpira, na mchanga wa ufukweni hulimaliza gurudumu hilo polepole bila mtu kuona.

Fundi aliyefunzwa vizuri huanza kwa kutazama uzi mwembamba wa maji unaoruka nyuma ya mota inapowaka. Ukiwa dhaifu, haanzi kuhangaika na karburateri. Hushusha mguu wa mota na kukagua pampu. Kisha huchomoa buji. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, moto unawaka sawa. Ikiwa nyeusi na imelowa, oili ni nyingi au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeupe na imeungua, injini inapata joto kupita kiasi. Huo ni ukaguzi wa muda mfupi. Asiyeujua hufungua mota nzima, hupoteza siku, na mvuvi hupoteza usiku wa kazi. Mota inayozimika katikati ya ziwa upepo ukiwa mkali huua watu, kwa hiyo fundi wa mota ana dhamana sawa na ya nahodha. Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa, na siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki. Siku hizo za mapumziko ndizo nzuri za kupokea mota kwa matengenezo, na karakana inayojua kalenda ya mwezi hupanga vipuri vyake mapema.

Umeme wa jua umekuwa kazi kubwa kwa sababu mbili. Umeme wa SNEL, shirika la taifa la umeme, unaofika Uvira kutoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi hukatika mara kwa mara, na vijiji vingi vya mwambao wa Fizi havina waya kabisa. Paneli na betri zinauzwa kila mahali, lakini wafungaji wengi hukisia. Ujuzi wa kazi hii uko katika hesabu zaidi kuliko katika kupanda juu ya bati. Nyumba yenye taa 4 za wati 7 zinazowaka saa 5 hutumia wati-saa 140. Ikiongeza televisheni ya wati 40 kwa saa 4, inatumia nyingine 160. Jumla ni 300 kwa siku. Tukihesabu saa 4 za jua kali na kuacha karibu theluthi moja kwa hasara za waya, vumbi na betri, paneli inayofaa ni ya wati 110 hivi. Kwa betri ya volti 12 ya kawaida, wati-saa 300 ni amperi-saa 25. Lakini betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo zinahitajika 50 kwa usiku mmoja na 100 ikiwa mteja anataka kuvumilia siku mbili za mawingu. Mfungaji anayeandika hesabu hii kwenye karatasi na kumwachia mteja huitwa tena na jirani. Asiyeiandika hulaumiwa betri inapokufa, hata kama kosa ni la mteja aliyeongeza frigo.

Ujenzi ni kazi ya zamani, lakini mahitaji yake yamebadilika. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba mjini Uvira. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba za ufukweni na katika bandari ya Kalundu. Nyumba za matofali ya udongo zilizokaa juu ya ardhi bila msingi wa mawe ndizo zilizoanguka kwanza. Kwa hiyo mwashi anayefaa sasa ni yule anayejua kuchimba msingi mpaka ardhi ngumu, kuujenga kwa mawe ya mlimani, kuweka mkanda wa zege lenye nondo juu yake, na kumwambia mteja ukweli kwamba kiwanja fulani kando ya mto hakifai kujengwa. Anapaswa kujua kwamba zege la nguzo huhitaji kilo 350 za saruji kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50, na kwamba maji mengi kwenye zege hulidhoofisha ingawa hurahisisha kulimwaga. Anapaswa pia kujua kupata pembe ya mraba kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande mwingine, na mita 5 kuunganisha ncha zake. Kijana aliyefika darasa la nane anaelewa hayo yote akifundishwa kwa mkono.

Mabomba nayo yana soko. Kipindupindu ni ugonjwa wa kudumu Uvira, na mtandao wa maji wa REGIDESO umepanuliwa kwa fedha za Ufaransa na Umoja wa Ulaya. Kila bomba jipya la mtaa huleta kazi ya kuunganisha nyumba, na kila muungano mbaya huvuja na kunyonya maji machafu shinikizo linapopungua. Kazi ya fundi bomba hapa ni kazi ya afya.

Ukaushaji wa samaki hauhesabiwi na wengi kama ufundi, na hilo ni kosa. Ndagala zilizoanikwa mchangani hubeba mchanga, hukanyagwa na mbuzi, na huoza mvua inaponyesha. Upande wa Burundi, tangu miaka ya 2000, FAO imefundisha wanawake kuanika kwenye vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, ambako hewa hupita juu na chini. Samaki hukauka haraka, hubaki safi, na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Mbao, wavu na turubai la kufunika mvua vinatosha kuanza. Mama anayeuza ndagala Makobola au Mboko hahitaji kuacha biashara yake ili ajifunze hili. Anahitaji siku chache na mtu wa kumwonyesha.

Kazi nyingine zipo: kuchomelea vyuma, useremala, frigo na vyumba vya baridi, pikipiki, simu, mikate, salooni. Namna bora ya kupima yoyote kati ya hizo ni kutembea. Anayetaka kuchagua azunguke mtaa wake na mitaa jirani, ahesabu mafundi wa kazi hiyo, awaulize wateja wao wanakwama wapi, na hasa aulize ni kazi gani hupelekwa Bujumbura au Bukavu kwa sababu hakuna wa kuifanya hapa. Jibu la swali hilo la mwisho lina thamani kuliko ushauri mwingi.

Mahali pa kujifunzia

Shule za ufundi za serikali na za makanisa hufuata utaratibu wa elimu ya taifa. Baada ya miaka 8 ya elimu ya msingi, mwanafunzi huingia humanite za ufundi kwa miaka 4 na kumaliza kwa mtihani wa taifa, EXETAT, unaotoa Diploma ya Taifa. Mkondo mfupi zaidi wa kazi humalizikia kwenye breveti. Faida ya njia hii ni karatasi inayotambuliwa nchi nzima na mlango ulio wazi wa chuo kikuu. Udhaifu wake ni kwamba shule nyingi zina nadharia nyingi na mashine chache. Mwanafunzi anaweza kuchora mzunguko wa umeme kwa Kifaransa kizuri na asiwe amewahi kufunga swichi. Bukavu, shule ya Fundi Maendeleo imejipatia jina katika kazi za vyuma na umeme.

Vituo vya mafunzo ya muda mfupi, vya miezi 6 hadi mwaka mmoja au miwili, huendeshwa na makanisa, mashirika ya kijamii na huduma za serikali za mambo ya kijamii. Hupokea walioacha shule, mama wadogo, na wakimbizi wa Burundi wa Lusenda, kambi iliyofunguliwa katika eneo la Fizi mwaka 2015. Mpango wa serikali wa kupokonya silaha na kurudisha wapiganaji katika jamii, P-DDRCS, ulioundwa mwaka 2021, nao unaweka mafunzo ya kazi miongoni mwa malengo yake. Ubora wa vituo hivi hutofautiana sana, na mara nyingi vituo vyenyewe huisha pamoja na mradi uliovilipia. Swali la kuuliza ni kama kituo kilikuwepo kabla ya mradi na kama kinafanya kazi za wateja kwa malipo. Kituo kinachouza madirisha na vitanda vyake kina sababu ya kufundisha vizuri.

INPP, taasisi ya taifa ya maandalizi ya kazi, iliundwa mwaka 1964 na hulipiwa kwa sehemu na michango ya waajiri. Hutoa kozi fupi za kuanza na za kuongeza ujuzi kwa walio kazini tayari, na cheti chake huheshimiwa na makampuni. Ofisi yake ya Kivu Kusini iko Bukavu. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 na serikali ya mkoa kuhamia Uvira, safari na karatasi kati ya miji hii miwili zimekuwa ngumu, na Desemba ya mwaka huo vita vikafika Uvira yenyewe. Anayepanga kusoma Bukavu ahakikishe kwanza kwamba njia ni salama na kwamba cheti kitatolewa.

Mahali pa nne, panapofundisha watu wengi kuliko shule zote, ni gereji, karakana na kiwanja cha ujenzi chenyewe, ambako kijana huwa aprenti wa fundi.

Kukagua kituo kabla ya kulipa

Kituo hukaguliwa kwa kutembelewa siku ya kazi, asubuhi, bila taarifa. La kutazamwa kwanza ni mikono ya wanafunzi. Wakiwa wamesimama kumzunguka mwalimu mmoja anayechomelea, kila mmoja atapata zamu mara chache kwa mwezi. Wakiwa wametawanyika kwenye meza, kila mmoja na kipande chake, kituo kinafanya kazi. Mashine zilizofunikwa turubai lenye vumbi hazifundishi mtu, hata kama ni mpya na zimeandikwa jina la mfadhili.

Usalama huonyesha heshima ya kituo kwa wanafunzi wake. Kuchomelea kwa miwani ya jua ya sokoni badala ya barakoa yenye kioo maalumu huunguza macho. Usiku maumivu huwa kama ya mchanga chini ya kope, na madhara hujilimbikiza kwa miaka. Kituo kinachoruhusu hilo hakijui kazi yake.

Kisha yafuate maswali ya ofisini. Kibali cha waziri kipo, na kinaweza kuonyeshwa? Cheti hutolewa na nani, na kinasainiwa na idara gani? Gharama zote ni zipi: minervali, vifaa vya mazoezi, sare, mtihani, karatasi ya mwisho? Bei ndogo ya mwanzo hufuatwa wakati mwingine na michango ya kila wiki ya bageti za kuchomelea, vitambaa au saruji, na wengi huacha katikati kwa sababu hiyo. Staji iko wapi, na kituo kinamfuata mwanafunzi huko? Mwisho, kituo kiombwe kuwataja wahitimu wa miaka miwili iliyopita, na baadhi yao watafutwe kazini kwao. Mhitimu aliyekaa kwenye karakana yake mwenyewe atajibu kwa uwazi kuliko mkurugenzi.

Kwa wasichana kuna jambo la ziada. Saa za masomo, umbali wa kutembea, choo cha kufungika na mahali pa kumwacha mtoto mchanga ndivyo vinavyoamua kama msichana atamaliza, zaidi ya akili yake. Mzazi anayempeleka binti yake kwenye umeme, mabomba au mota badala ya ushonaji peke yake humfungulia soko lisilojaa, lakini ahakikishe kwamba mwalimu anamkabidhi spana na si ufagio.

Kuwa aprenti

Mapatano ya aprenti na fundi hufanywa mara nyingi kwa mdomo, kati ya baba na fundi, na hapo ndipo vijana wengi hupotezewa miaka. Kijana hupewa kazi ya kuosha vipuri, kubeba maji na kutumwa sokoni, na mwaka wa pili bado hajafungua injini. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaitambua mikataba ya aprenti na inataka iwe ya maandishi. Ukurasa mmoja unatosha, mradi utaje muda wote, kazi ambazo aprenti ataweza kuzifanya peke yake baada ya kila miezi mitatu au sita, malipo kama yapo na upande unaolipa, chakula cha mchana, nani hulipa kifaa kikivunjika, na barua ya ushuhuda mwishoni. Pande zote mbili, mzazi, na shahidi mmoja, ambaye anaweza kuwa mkubwa wa mtaa, watie sahihi.

Fundi mzee husema kwamba karatasi inavunja heshima. Uzoefu wa gereji nyingi unaonyesha kinyume: ugomvi hutokea pale ambapo hakuna anayekumbuka kilichosemwa. Aprenti naye ana wajibu wake: kufika kabla ya fundi, kutochukua wateja wa karakana kwa siri, na kuweka daftari. Daftari ni chombo muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kila kazi iandikwe: tarehe, ugonjwa wa mashine, kilichokaguliwa, kilichobadilishwa, bei. Baada ya mwaka, daftari hilo ni kitabu cha rejea na pia ushahidi wa ujuzi.

Majina ya vipuri na vipimo hujifunzwa kwa Kifaransa hata pale ambapo mazungumzo yote ni ya Kiswahili, kwa kuwa vitabu vya mashine na maduka ya Bujumbura na Bukavu hutumia Kifaransa. Anayevuka kwenda Kigoma atakuta Kiingereza kwenye karatasi na Kiswahili kwenye karakana. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini vyeti havijawa pasipoti ya kazi. Mteja wa Kigoma humpima fundi kwa kumtazama anavyofanya.

Vifaa na pesa ya kuanzia

Miradi mingi humpa mhitimu sanduku la vifaa siku ya mwisho. Sanduku hilo mara nyingi huuzwa kabla ya mwezi kuisha, na lawama humwangukia kijana. Sababu ya kweli huwa nyingine: ana deni la nyumba, hana mahali pa kufanyia kazi, au sanduku limejaa vifaa vya bei ndogo visivyofaa kazi ya kweli. Njia iliyo imara zaidi ni kununua kimoja kimoja wakati wa mafunzo. Mwanafunzi wa umeme aanze na bisibisi za kupimia, koleo na kipima volti. Mwashi na mwiko, pima maji, timazi na futi. Mshonaji na makasi mazuri kabla ya mashine. Watatu au wanne waliosoma pamoja wanaweza kumiliki kwa ushirika mashine ya kuchomelea au jenereta, ikiwa wameandika nani hulipa mafuta na nani huitunza.

Kwa mtaji, mwambao na Kivu Kusini nzima vina muso, vikundi vya kusaidiana ambamo wanachama hukutana kila wiki au kila mwezi na kuweka fedha katika makasha matatu. La kijani ni akiba ya wanachama na hutoa mikopo midogo. Jekundu ni la msaada wa ugonjwa na msiba, na msaada huo haurudishwi. La bluu hupokea fedha kutoka nje ya kikundi. Mwanafunzi anayeingia muso mwaka wake wa kwanza wa masomo, hata kwa mchango mdogo kabisa, huwa na haki ya mkopo siku anapohitimu. Likirimba nayo husaidia kununua kifaa kimoja kikubwa kwa zamu, ingawa haina kasha la dharura.

Bei ya kazi ihesabiwe kabla ya kutajwa. Ina sehemu nne: vifaa, muda wa fundi na msaidizi wake, mafuta ya jenereta au umeme, na uchakavu wa zana. Fundi mpya husahau ya nne. Mashine ikifa, anakuta amekula bei yake mwaka mzima. Kutenga sehemu ya kila malipo, hata moja ya kumi, katika kasha lisiloguswa kwa chakula, humwezesha kununua nyingine. Nusu ya malipo ipokelewe kabla ya kazi kuanza, kwa risiti iliyoandikwa, na itajwe wazi kama ni dola au franga, kwa kuwa kiwango cha kubadilisha kinaweza kusogea kabla kazi haijaisha.

Karatasi

Anayetafuta ajira hujiandikisha ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, akiwa na kitambulisho (kwa wengi ni kadi ya uchaguzi), cheti na barua za staji. Mwajiri halali humwandikisha CNSS kwa ajili ya pensheni na ajali za kazi, na ni haki ya mfanyakazi kuulizia namba yake. Anayefungua karakana ndogo huanza na patenti; biashara inayotaka zabuni za mashirika, shule au hospitali huhitaji kusajiliwa katika RCCM, daftari la biashara linalofuata sheria za OHADA, ambayo Kongo imo tangu 2012. Usajili una gharama, na kwa fundi anayetengeneza mota tatu kwa wiki unaweza kungoja. Kwa fundi wa umeme wa jua anayetaka kuhudumia zahanati, bila huo hata barua yake haisomwi.

Mafuriko na vita vimewanyang'anya watu wengi vyeti vyao. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu, itumwe kwa jamaa wawili walio miji tofauti, na nakala yenye muhuri iwekwe mbali na nyumbani. Shule inapohamishwa au kufungwa, mhitimu aombe haraka ushahidi wa maandishi kutoka kwa mkuu wake, angali anapatikana.

Wapo mafundi waliofanya kazi miaka 10 au 20 bila karatasi yoyote. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, huwapima mafundi wa namna hiyo kazini na kuwapa cheti kwa ujuzi walionao. Kongo, njia iliyo wazi ni ya mtahiniwa wa kujitegemea katika EXETAT: asiye mwanafunzi wa shule hufanya kwanza jaribio la awali, na akifaulu huketi mtihani wa taifa pamoja na wengine. Maandalizi huchukua mwaka mmoja hivi wa masomo ya jioni, hasa Kifaransa na hesabu. Kwa asiyetaka mtihani huo, kozi fupi ya INPP katika kazi anayoifanya tayari humpa cheti bila kumrudisha darasani kwa miaka, na daftari la kazi, barua za wateja na picha za kazi zilizokamilika huwekwa pamoja na cheti hicho katika faili moja la kuonyeshwa mwajiri.